Maranda

Mwezi wa saba Mafinga, maji ya bomba yanauma meno,
ukungu umekaa barabarani kama mgeni asiyeaga.
Nafungua kibanda, nawasha jiko,
nakoroga uji wa ngano mpaka uwe gundi,
nakata karatasi ya mfuko wa saruji,
ile ya katikati, ambayo vumbi halikuifikia.

Kadi za wanawake hazinisumbui:
waridi, utepe, vimeta viwili vitatu, kwisha.
Za wanaume ndizo zinazonikesha.
Mwanamume unamchorea nini?
Zile za dukani zina tai na gari jekundu.
Mume wa Atupele hajavaa tai tangu siku ya ndoa,
na hiyo aliazima.

Basi nimejifunza kuuliza:
asubuhi, mikono yake inashika nini?
Spana, wananijibu. Kamba ya ng'ombe.
Chaki. (Huyo nilimbandikia chaki yenyewe,
ikavunjika njiani, nasikia mwalimu kaitunza
hivyo hivyo, vipande viwili.)
Mama mmoja alisema: hakuna.
Tangu wampunguze kiwandani hashiki kitu.
Ya huyo niliiacha tupu usoni,
ndani nikaandika: Chai ipo mezani, tunakungoja.

Luvanda seremala hunijazia kiroba cha maranda ya paina.
Yananukia utomvu, yanajikunja yenyewe,
ndevu za mtu asiye na kioo.
Nayabandika kidevuni kwa baba za watu
na baba za watu wanacheka, hata wale
ambao nyumbani kwao kucheka ni sikukuu.

Siku hiyo akaingia Zebedayo Mhongole,
buti za mpira, kofia mkononi,
akakagua kadi kama anayekagua mahindi ya mbegu.
Nataka ya mwanamume.
Mwanao? Hapana.
Mkweo? Hapana.
Akaitazama kofia. Otmari.

Mtaa mzima unajua. Tumbo moja, titi moja,
kisha mpaka, miti kumi na mmoja ya paina,
baraza la kata mara tatu.
Siku ya kumzika mama yao
walipokezana chepe kupitia mtu wa tatu.

Nikauliza lile swali langu.
Alikaa kimya mpaka birika likaanza kulia.
Msumeno, akasema. Ule wa watu wawili.
Na upande wa pili, nani anashika?
Hakujibu. Aligeuza viganja vyake juu
akavisoma kama barua ya deni.

Nikauchora upana wote wa kadi:
mpini kushoto, mpini kulia,
mkunjo ukapita katikati ya chuma.
Meno niliyakata kwa wembe, moja moja.
Chini nikanyunyiza unga wa mbao, unga wa kweli,
ukashika pale gundi ilipokuwa mbichi,
kwingine ukapeperuka ukaingia kwenye chai yake.
Akainywa.

Niandike nini ndani? Samahani?
Akashtuka kama nimemtajia bei ya kiwanja.
Andika: mbao zako nilizifunika.
Manyunyu ya Jumanne hayakuzipata.
Basi?
Basi.

Akalipa elfu moja na mia tano, noti imekunjwa mara nne.
Mlangoni akasimama, mgongo kwangu.
Weka na kamwene. Pale mwanzoni.
Nikaibana kamwene juu kabisa, herufi ndogo,
maana nafasi nilikuwa nimeimaliza kwa msumeno.
Aliiweka kadi ndani ya kofia,
kofia kichwani, akaingia ukunguni.

Kama ilifika, sijui.
Wanaume hawarudi kukwambia.
Nilichokiona ni hiki tu, wiki iliyofuata,
duka la vifaa, ng'ambo ya barabara:
Otmari kashika tupa,
ile nene, ya kunolea meno makubwa,
anaipima kwa kidole gumba,
anairudisha,
anauliza bei tena.